Bimu ya chuma ya kibarazani imekula kutu (Kigoma), nipake rangi au ning'oe kabisa?

mjukuu_wa_Mwanga:

Wakuu habari za saa hizi. Tuna nyumba ya familia hapa Kigoma, Mwanga, ya zamani kidogo, mbele ina fremu mbili za duka na kibaraza. Juu ya kibaraza kuna bimu ya chuma ile ya umbo la herufi I, imelala toka ukuta wa kushoto mpaka nguzo ya tofali upande wa kulia, kama mita nne hivi, na juu yake kuna kozi (mistari) kadhaa za tofali za kuchoma afu kenchi na bati. Marehemu mzee ndo aliiweka na tangu hapo imekuwa ni kupakwa rangi ya mafuta juu kwa juu kila sikukuu ikikaribia.

Sasa mvua zilivyoisha nikaona rangi imevimba upande wa kushoto pale bimu inapoingia ukutani, nikachokonoa na bisibisi yani yanatoka magamba mazima mazima, kipande kingine kinene kama biskuti, chini yake kuna unga mwekundu. Na lipu ya ukuta pale pale imepasuka, ufa unapanda kama ngazi kwenye maungio ya tofali. Upande wa kulia kwenye nguzo uko poa tu, kutu ni ile ya juu juu.

Nimeita fundi wa kwanza kasema lete redi oksaidi (ile rangi nyekundu ya chuma) galoni moja kazi ni ya asubuhi moja tu. Wa pili kasema ng'oa bimu nzima weka mpya, na hesabu aliyonipa nimeishia kukaa chini. Shemeji yangu yeye anasema paka oili chafu, kutu haitagusa chuma tena. Nimsikilize nani hapa? Picha nimeweka tatu hapo chini. Bajeti sio kubwa kwa hiyo msinitajie mambo ya Dar.

Kibirizi_Boy:

Shemeji yako yuko sahihi mzee, oili chafu na dizeli kidogo, unapaka na brashi kila mwaka imeisha hiyo. Mbona meli yetu ya Liemba Wajerumani walipoizamisha waliipaka grisi injini zake na ilipokuja kutolewa bado zilikuwa nzima. Chuma adui yake ni maji, mafuta yanafukuza maji, hesabu ndogo tu hiyo.

fundi_chuma_Gungu:

Kibirizi Boy hiyo ya Liemba ni kweli, 1916 waliizamisha, 1924 Waingereza wakaiinua na 1927 ikarudi kazini, na grisi ilisaidia injini. Lakini zile injini zilipakwa grisi zikiwa SAFI, na baada ya kuinuliwa zikasafishwa. Bimu ya huyu ndugu ina magamba. Ukipaka oili juu ya magamba inalowesha ya juu tu, yale maji yaliyojificha ndani yanabaki na kutu inaendelea kula taratibu huku wewe unaona weusi unang'aa unajua umemaliza. Afu oili chafu inadondokea wateja wa duka, inashika vumbi, na siku ukija kujirudi ukataka kupaka rangi ya kweli hakuna rangi itakayoshika pale mpaka uoshe na tina mpaka uchoke. Jiko la mkaa la muuza chipsi likikaa chini yake nalo sijui utalifanyaje.

Nije kwako mjukuu. Hao mafundi wote wawili wamekujibu kabla ya kuangalia. Swali sio rangi gani, swali ni MAJI YANATOKA WAPI. Bimu moja, rangi moja, mzee mmoja aliyeipaka, kwanini kulia iko poa na kushoto imeoza? Angalia juu ya ile kona ya kushoto. Nakuhakikishia kuna gata imetoboka, au bati limeishia ndani sana maji yanarudi ukutani, au fishabodi (ule ubao wa ukingo wa paa) imeoza. Usiponipa jibu la hilo hata ukipaka rangi ya meli utarudi hapa hapa kuuliza tena.

Pili, chukua nyundo ndogo, ile ya ratili moja, gonga bimu kuanzia kulia ukienda kushoto. Sehemu nzima inalia ting, inarudisha nyundo. Sehemu iliyokufa inatoa sauti ya puu na nyundo inabaki pale pale. Weka alama ya chaki sauti inapobadilika. Ukimaliza pandisha uzi chini ya bimu toka mwisho hadi mwisho uvute ukaze, uone kama imeshuka katikati. Leta majibu.

Na huo ufa wa ngazi usiuzibe bado! Weka mstari wa penseli kwenye ncha ya ufa na tarehe, ukipita mstari ujue bado unatembea.

mjukuu_wa_Mwanga:

Aisee. Nimepanda juu leo, gata ipo lakini pale kona kiungio kimeachia na bomba la kushusha maji halipo kabisa, liling'oka sijui lini, maji yote ya upande huo wa bati yanamwagikia ukuta na kuingia pale pale kichwa cha bimu kinapozama. Kwa nyundo sauti inabadilika kama futi moja na nusu kutoka ukutani. Uzi uko sawa, haijashuka.

Kwa hiyo narekebisha gata afu nasugua napaka, si ndio?

Mhandisi_wa_Bara:

Subiri kwanza ndugu, hapo kwenye "nasugua napaka" ndo pananitia wasiwasi.

Kutu ikizaliwa inachukua nafasi kubwa kuliko chuma ilichotoka, inaweza kuwa mara mbili hadi mara sita. Kwahiyo ule ufa wa ngazi ni kutu iliyobanwa ndani ya ukuta inasukuma tofali juu. Maana yake kuna chuma kilichopotea huko ndani ambacho wewe hujakiona, na picha yako inaonyesha nje tu.

Na eneo lenyewe ndilo baya. Bimu iliyolala hivyo, katikati kazi kubwa inafanywa na zile bapa mbili, ya juu inabanwa na ya chini inavutwa. Ukisogea mwishoni kwenye ukuta mzigo wote unashuka kupitia ule ubavu mwembamba wa katikati. Ubavu huo ukiliwa na kutu pale pale unapokalia ukuta, bimu inaweza kuonekana imenyooka kabisa, uzi wako ukasema sawa, halafu siku moja ubavu ukajikunja. Kwahiyo uzi kuwa sawa usikupe usingizi.

Kabla hujagusa chochote weka egemeo. Propu za chuma ukipata, ukikosa mirunda minene iliyonyooka na kabari, mbili kwa kuanzia, kama futi mbili unusu toka ukutani pale ambapo nyundo bado inalia vizuri. Chini weka ubao mpana sio tofali moja moja, na uulize wazee wa nyumba kama chini ya hicho kibaraza hakuna shimo la maji machafu la zamani, nyumba za Mwanga na Ujiji mashimo yako kila mahali na jamvi (sakafu ya zege) juu yake ni inchi mbili. Wapangaji wasikae chini ya upande huo mpaka umalize.

Ukishaegemeza toa lipu kwa tindo uone kichwa cha bimu chote kilivyokaa. Kwangua mpaka ukute chuma, azima venia (kipimo cha unene) kwa fundi yeyote wa mashine, pima ubavu sehemu nzima na sehemu iliyoliwa. Pungufu ya asilimia kumi hivi unaweza kusafisha na kupaka ukaendelea na maisha. Zaidi ya hapo mwite mhandisi aje aone kwa macho, wa Manispaa ya Kigoma Ujiji au yeyote aliyesajiliwa na Bodi ya Usajili wa Wahandisi, maana hapo sio kazi ya rangi tena.

Na asitokee mtu wa kukuchomelea kiraka bimu ikiwa imebeba mzigo. Chuma kikifika nyuzi 600 hivi nguvu inabaki kama nusu, na pale unapochomelea kinayeyuka kabisa. Watu wanafanya kila siku na wanapona, sijui kwa dua za nani.

Mama_Rangi_Ujiji:

Mimi nauza rangi miaka yote hii na niwaambie ukweli, wateja wengi wakija na neno redi oksaidi wanadhani ni dawa ya kutu. Sio dawa. Ile rangi nyekundu yenyewe ni unga wa kutu uliosagwa ukachanganywa na mafuta, kazi yake kubwa ni kufunika na kushika rangi ya juu. Ukiipata praima (rangi ya kwanza ya chini) yenye zinki fosfeti ni bora zaidi, inapigana na kutu yenyewe, na bei sio kwamba utauza ng'ombe. Soma kopo, usisome rangi ya kopo.

Utaratibu kwa sie watu wa kawaida tusio na mashine ya kupulizia mchanga: kwanza osha na maji na sabuni, suuza, kausha. Watu wanaruka hapo wanaanza na grainda, mafuta na moshi wa jikoni unasuguliwa unaingia ndani ya chuma. Baada ya hapo magamba yatolewe kwa nyundo na tindo, afu brashi ya waya ya grainda, afu malizia na diski ya msasa, maana brashi ya waya peke yake ikikaa sana sehemu moja inapiga chuma polishi kinang'aa kama sufuria na rangi haishiki. Unataka chuma kikwaruze ukipitisha kucha. Vaa miwani na barakoa kijana wangu, rangi za zamani nyingi zilikuwa na risasi ndani na vumbi lake sio la kupumulia, watoto wakae mbali, na hilo vumbi ulikusanye usilifagilie barabarani.

Vile vishimo ambavyo msasa haufiki, kutu iliyobaki nyembamba imeng'ang'ania, ndo unaweza kupaka dawa ya kugeuza kutu, inakuwa nyeusi. Lakini sio juu ya magamba. Na tafadhali usimsikilize anayekwambia maji ya betri, asidi ikibaki kwenye kona inaendelea kula chini ya rangi yako mpya.

Praima iingie siku hiyo hiyo uliyosafisha. Hapa kwetu unyevu wa ziwa ukilaza chuma wazi usiku asubuhi unakuta kimeshakuwa cha machungwa. Anza kupaka kama saa nne umande ukiwa umekauka na jua halijaichoma bimu. Kabla ya kupaka bapa zote anza na kingo na kona kwa brashi ndogo, kwa sababu rangi ikiwa inakauka inakimbia kingo inabaki nyembamba pale, na kutu inaanzia pale pale. Praima mara mbili, rangi ya juu mara mbili, na kila mkono uwe na rangi tofauti kidogo ili uone uliporuka.

Kingine, ile sehemu inayoingia ukutani usipake rangi ya mafuta. Saruji mbichi inaila rangi ya mafuta inakuwa ute. Pale weka epoksi, ile ya makopo mawili unayochanganya, au lami ya kupaka. Epoksi hiyo hiyo ukiiacha juani nje inakuwa unga mweupe kwahiyo nje ifunike na rangi ya juu.

dada_wa_Katubuka:

Samahani naingilia, ila hamjaiona picha ya tatu? Yale magunia meupe yaliyoegemea ukuta kushoto ni chumvi ya Uvinza au macho yangu? Na juu yake kuna kamba naona dagaa wametundikwa kwenye viroba 😅

mjukuu_wa_Mwanga:

@dada_wa_Katubuka una macho makali. Ni chumvi ndio, mpangaji wa fremu ya kushoto anauza dagaa na chumvi ya jumla, magunia anayapanga mpaka yanakaribia bimu. Ina shida?

fundi_chuma_Gungu:

Hahaha kumbe! Shida kubwa. Ziwa letu maji yake ni baridi hayana chumvi, ndo maana mabati ya Kigoma yanadumu kuliko ya watu wa pwani, wewe ukajiletea bahari kibarazani kwako. Chumvi inavuta unyevu hewani hata kama hakuna mvua, inaloa, inapanda kwenye lipu, inagusa chuma, kutu inapiga mbio mara nyingi zaidi. Na ikibaki chini ya rangi inavuta maji kupitia rangi yenyewe, ndo yale malengelenge unayoyaona. Gata inaleta maji, gunia linaleta chumvi, hapo bimu ilikuwa inapigwa na wawili.

Kwa hiyo Mama Rangi aliposema uoshe, wewe osha mara mbili. Ya kwanza kabla ya kukwangua na ya pili BAADA ya kukwangua, maji safi mengi na brashi ngumu, maana chumvi imejificha kwenye vishimo chini ya kutu. Futa, kausha na jua au feni, pitisha msasa mwepesi tena kuondoa ule wekundu mpya, afu praima hapo hapo. Na huyo mpangaji muongee naye kwa wema, chumvi ikae kwenye chaga ndani mbali na ukuta.

Kibirizi_Boy:

Sawa wakuu nimekubali yaishe na oili yangu. Ila swali, kwanini asiifunike yote na zege tu? Nondo ziko ndani ya zege miaka hamsini hazioti kutu.

Mhandisi_wa_Bara:

Swali zuri hilo. Zege jipya lina alikali kali, chuma kikiwa ndani yake kinajitengenezea ngozi nyembamba inayokilinda. Lakini lazima chuma kiwe kimesafishwa, zege liwe zito lililoshindiliwa, angalau inchi mbili kila upande, na wavu wa chuma wa kulishika lisibanduke. Wanachofanya mtaani ni kubandika lipu ya nusu inchi juu ya kutu, lipu inapasuka kwa jua, maji yanaingia kwenye ufa yanakosa pa kutokea. Bimu ya wazi unaiona ikiumwa, ile ya ndani ya lipu inakufa kimya. Halafu zege lote hilo ni mzigo mpya juu ya bimu ambayo tayari tunaitilia shaka. Na kama tofali na lipu pale zimeshakunywa chumvi, hata hiyo alikali haisaidii, chumvi inaitoboa ile ngozi.

mjukuu_wa_Mwanga:

Wakuu narudi na majibu. Tumeegemeza na mirunda, shimo hakuna chini, bibi kathibitisha liko nyuma. Tumefungua lipu. Bimu inaingia ukutani inchi sita na ilikuwa imekalia tofali tu, hakuna pedi ya zege chini yake. Ubavu sehemu nzima unasoma milimita 7, pale ndani ya ukuta 4 na mahali pamoja tundu kabisa nimepitisha msumari wa inchi nne. Bapa ya chini nayo imeliwa kwa pembeni. Ile alama ya chaki ya fundi Gungu ndo hapo hapo uzima unapoanzia, sio mchezo.

Mhandisi niliyemwita amekuja akazunguka akapima mwenyewe. Amesema bimu yenyewe haina haja ya kung'olewa, iliyobaki ni nzima. Anataka tuinue nguzo mpya ya zege yenye msingi wake, futi mbili ndani kutoka ukutani, bimu ikalie pale kwenye chuma kizima na pedi juu, na kile kichwa kibovu tukikate baada ya nguzo kukomaa, na zile kozi za tofali za juu ya kipande kitakachokatwa zipewe lenta fupi ya zege. Kibaraza kitapungua njia kidogo ila mlango wa fremu haufungwi. Michoro ananipa na kasema nipitie manispaa kwa ajili ya kibali kwa sababu nguzo na msingi ni badiliko la jengo. Gharama ni chini kabisa ya yule aliyetaka kuweka bimu mpya.

Maswali yangu mawili. Pale bimu itakapokalia nguzo mpya nifanyeje maji yasikae? Na mirunda kwa muda wote huo wa kusubiri zege, inatosha?

fundi_chuma_Gungu:

Safi sana, huyo mhandisi ana akili.

Juu ya nguzo zege likate mteremko kidogo kutoka kwenye chuma kwenda nje, lisiwe bakuli. Chini ya bimu weka pleti nene, iliyopakwa epoksi pande zote kabla ya kuwekwa, sio baada. Mstari ule wa chuma kukutana na zege upige silikoni ya nje au lami, na kila mwaka mvua zikikaribia kuanza, Septemba hivi, pitisha jicho pale na kwenye kingo za chini. Ukiona doa dogo la machungwa kwangua hapo hapo kiasi cha kiganja, praima, rangi, basi. Bimu ikishakatwa ule mdomo uliokatwa ni chuma kibichi, usiusahau kupaka, watu wengi wanapaka bimu nzima wanaacha mdomo kwa sababu hauonekani toka barabarani.

Gata ianze leo kabla ya vyote, na bomba la kushusha lifike chini mpaka kwenye mfereji lisiishie hewani.

Mirunda kwa siku chache sawa lakini zege la nguzo unalipatia wiki nne kabla ya kubeba, na mti unakauka unapungua, kabari zinalegea, utakuwa unazipiga nyundo kila asubuhi. Mimi nina propu za chuma nne zimekaa saiti Kibirizi hazina kazi mpaka mwisho wa mwezi ujao. Njoo na usafiri na ubao mpana wa kuweka chini, wangu wote uko kwenye fomu za kumwagia zege. Nicheki inboksi.